Uji Usioonjwa

Mtaa wetu wa Bwiza una sheria ambazo hakuna serikali iliyoziandika. Mojawapo ni hii: anayekupa kitu cha kunywa aonje kwanza yeye mwenyewe, mbele yako, ameze, uone koo lake likishuka. Chupa nayo ifunguliwe mbele ya mnywaji. Awe mama mkwe, awe shehe, sheria ni hiyo hiyo. Hakuna anayeona kuwa ametukanwa akiambiwa aonje. Aliyetukana ni yule asiyeonja. Na mwaka ule wa 1997, vita vikiwa vimeshatuzoesha kuzika bila kuuliza mengi, sheria hiyo ilikazwa zaidi, maana kila mtu alikuwa na jirani wa kumwogopa.

Jioni moja ya Ramadhani, adhana ikiwa bado kidogo, Mathilde alitoka chumbani kwake akavuka ua na sufuria ya uji wa mtama mikononi. Alikuwa mpangaji mpya, mwanamke wa makamo aliyevuka kutoka Uvira vita vya Zaire vilipofika huko, na riziki yake ilikuwa kununua ndagala, dagaa wa ziwani, huko Gatumba mpakani, na kuziuza Bwiza kwa kikombe. Yeye na mumewe, Cirimwami, walipotezana siku ya kukimbia, na tangu hapo hakupatikana mtu wa kusema amemwona. Mwenye nyumba alikuwa Sulemani, fundi wa magari, pamoja na mkewe Adija. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Fadhila, wa miaka sita, aliyeng'oka meno mawili ya mbele na aliyekuwa na maneno mengi ya kuziba pengo hilo.

Adija alipokea sufuria kwa mikono miwili, akashukuru, akamkaribisha Mathilde akae wafuturu pamoja. Hivyo ndivyo mtu muungwana anavyosema "onja" bila kulitamka. Mathilde alikuwa anajua, kwani Uvira nako wanaonja. Akaweka kiganja tumboni.

"Apana, mama Fadhila. Mi nimeshiba."

Akatabasamu, akarudi chumbani, akafunga mlango.

Hakuwa ameshiba. Tangu jana yake hakuwa ameweka kitu mdomoni. Katika chumba cha maombi alikosali, mchungaji alikuwa amewapa wanawake waliopotelewa na waume zao mfungo wa usiku na mchana, bila chakula na bila maji, akawaonya kwamba mfungo unaotangazwa kwa watu umeshalipwa na watu, kwa Mungu hauna tena malipo. Wakati huo huo Mathilde alikuwa amesikia kwa majirani zake Waislamu kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu kama yake. Akaona abishe hodi pande zote mbili, kwa kuwa anayetafuta mume hachagui mlango. Basi akapika uji akiwa na njaa, akaugawa, na ili siri yake na Mungu isivuje akasema uongo mdogo wa adabu.

Uji ule ulinywewa na watu wanne: Sulemani, Adija, Fadhila, na Mzee Uthmani, fundi cherehani aliyekaa chumba cha nyuma tangu enzi za baba yake Sulemani, na ambaye alikuwa amekohoa miaka mingi hata watoto wa ua wakajua kukiiga kikohozi chake. Usiku ule Mzee Uthmani akafa.

Kifo hicho hakikuleta maneno. Alikuwa mzee, kifua kilikuwa kimekwisha, na waliomwosha walisema mwili ulikuwa mwepesi hata wakaona haya kuunyanyua. Maneno yalikuja baadaye, Fadhila alipoanza kuhara damu, na Médiatrice, msusi aliyepanga chumba cha karibu na geti, alipolala na homa akiweweseka. Ua mmoja, mtu mmoja kaburini, wawili kitandani.

Adija alimbeba mtoto mgongoni hadi dispensari ya mtaa. Alisubiri nje juani, kwa sababu mtoto alikuwa ananuka, na waliokaa kwenye benchi walijitanua kidogo kidogo mpaka nafasi ikaisha. Hakuna aliyemfukuza. Walitazama pembeni tu, naye akatazama chini. Muuguzi aliyewapokea mwishowe aliitwa Dévote. Alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaangalia ilivyochelewa kurudi mahali pake, kisha akauliza kuhusu maji ya nyumbani.

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Barabara nzima ilichota kwenye shimo lililochimbwa pale bomba lilipopasuka, kando ya mtaro. Kuyachemsha kulitaka makaa, na makaa yalishuka kutoka milimani pale tu njia ilipokuwa salama. Adija alichemsha maji ya chai. Ya mchana alimchotea mtoto moja kwa moja kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, kwa kuwa wakubwa walikuwa wamefunga na jiko halikuwashwa mpaka alasiri. Alimjibu Dévote kwa sauti ndogo kwamba wanayachemsha.

Dévote hakumwamini wala hakumsuta. Alieleza alivyoona yeye: mtoto ana kuhara damu kulikotokana na maji, Mzee aliondoka na kifua chake, Médiatrice, ambaye alishampima, ana malaria, na alishapewa vidonge. Sulemani, aliyekuwa amefika mbio kutoka gereji na mikono ya grisi, aliuliza kama ana hakika.

"Hakika, apana," Dévote alisema. "Dawa za kupimia choo zimeisha, embargo ya nchi za jirani imekula yote. Lakini mi nafikiri njo hivi."

"Magonjwa matatu? Ndani ya parcelle moja, hii ua yetu?"

"Inawezekana."

"Na kama ni maji, mbona sisi wote tunakunywa hiyo maji na tuko wazima?"

Dévote alimweleza kwamba mwili wa mtoto si wa mtu mzima. Akawapa pakiti za unga wa chumvi na sukari, akawafundisha kumnywesha kijiko kwa kijiko bila kuchoka hata akitapika, na akasema asubuhi wamrudishe atundikiwe serum, ile dripu, iliyokuwa imebaki. Walipokuwa wanaondoka aliwafuata mlangoni. Alikuwa mzaliwa wa mji huu na alijua watu wake.

"Kitu kimoja," alisema. "Musimutapishe. Hata mukiambiwa nini, musimutapishe."

Ukweli una hasara hii, kwamba mara nyingi huja na neno "nafikiri" mbele yake, na mtu mwenye mtoto mgonjwa hataki kufikiriwa. Hata hivyo walifuata. Adija alikesha na kijiko, na kulipokucha Fadhila aliomba mwenyewe maji, akauliza kama paka wa jirani ameshazaa.

Sulemani hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Gerejini kwake hakuna dereva aliyeruhusiwa kumwambia gari linaumwa nini. Asubuhi ile ile alikuwa amepita kumalizia Hiace moja ambayo mwenyewe aliapa kuwa pompi ya mafuta imekufa, kwa sababu gari lilizima mlimani na taa zikafifia palepale, na pompi ndiyo iliyokuwa imemsumbua mwaka jana. Sulemani alimwambia akae pembeni. Akakagua, akakuta mafuta ya magendo yenye maji ndani yake, na mbali na hayo waya wa betri uliolegea, mambo mawili yasiyojuana. Akamwambia dereva kwamba gari halina haya, linaweza kuumwa magonjwa mawili siku moja, na fundi anayetaka jibu moja la haraka atauza vipuri vingi bila kutengeneza gari hata moja. Watu wakacheka, naye akafurahi kuchekewa.

Aliporudi nyumbani kumchukua mtoto, alimkuta kaka yake, Hamissi, ameketi kwenye kiti chake.

Hamissi alikuwa na duka la vitenge na moyo mwema. Niseme hivyo mapema, maana itakuwa rahisi kumchukia. Alikuwa hajalala kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake. Alikuwa ametoka kwa mzee mmoja wa Buyenzi ajulikanaye kwa kutapisha watu waliolishwa sumu, na kabla hajamaliza kueleza mzee akamkatiza: katika ua huo kuna mgeni, mwanamke, amekuja na kitu cha kunywa, hakuonja. Hamissi alisema nywele zilimsimama. Hakukumbuka kwamba Bwiza na Buyenzi zimepakana na kwamba wanawake wa ua ule walikuwa wamezungumza kwenye shimo la maji, sokoni na msibani.

Adija alieleza alichoambiwa na Dévote. Hamissi alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "nyumba ikiwa na milango tatu, na ufunguo moja inafungua yote, utatafuta funguo tatu za nini? Mzee alikunywa uji, akafa usiku ule ule. Mutoto alikunywa uji, anahara damu."

"Médiatrice hakukunywa uji."

"Alitumia kikombe chao. Ao alipita pale. Hii mambo haina lazima ya kukunywa."

"Na sisi? Mi nilikunywa. Baba Fadhila alikunywa vikombe viwili."

"Sumu inatumwa kwa jina, shemeji. Haiko kama mvua."

Adija akamgeukia mumewe. Alikuwa na hofu, lakini alikuwa pia amesikia mara nyingi majigambo ya gereji, na ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo.

"Baba Fadhila, kule garage we unasema gari inaweza kuwa na magonjwa mawili siku moja."

Sulemani alijifuta grisi ya vidole. Alipojibu hakumtazama.

"Gari haina maadui," alisema.

Mathilde aliitwa uani. Alikuwa anarudi kutoka Gatumba na beseni lake la ndagala kichwani, na hakuna aliyemsaidia kulitua. Alipiga magoti akalitua mwenyewe, samaki kadhaa wakamwagika mchangani, akaanza kuwaokota huku akijibu, kwa vile hakufikiri kwamba ni kesi.

Majirani walikuwa wamejaa hadi getini. Hamissi aliuliza kwa upole mbona hakuonja uji wake. Mfungo ulikuwa umeshaisha, lakini siri ilikuwa bado siri, na alipoitoa aliitoa vibaya, akianza na mchungaji, akirudi kwa Cirimwami, akiingiza thawabu za Waislamu katikati. Mwanamke mmoja aliuliza tangu lini Wakristo wanafunga Ramadhani. Watu wakacheka. Mathilde akaanza upya.

"Siku ile ulisema umeshiba," Hamissi alimkumbusha. "Leo unasema ulikuwa na njaa. Tuchukue gani?"

"Nilidanganya juu ya mufungo. Mufungo habautangazake kwa batu."

"Kwa hiyo unadanganyaka."

Angesema nini? Maelezo yake yalikuwa ya kweli kila kipande, lakini yalikuwa na viungo vingi, na kila kiungo kilihitaji mtu wa kukishika mkono. Maelezo ya Hamissi yalisimama yenyewe. Mtu mmoja akataja kwamba kesho yake, Mzee akiwa bado hajazikwa, Mathilde alikwenda Gatumba, basi alikuwa anakimbia. Mathilde akasema alikwenda mapema kuwavizia watu wanaovuka mpaka ili awaulize habari za mumewe, na kwamba alirudi jioni ile ile. Yule akajibu alirudi ili aone kama kazi imefanyika.

Ndipo ikaletwa shauri apike uji ule ule, kwa unga ule ule, anywe mbele ya watu. Aliupika. Aliukoroga bila kuinua macho, na hilo nalo likasemwa. Alikunywa kikombe kizima, ukimchoma, machozi yakamtoka, akageuza kikombe chini wauone ukavu wake.

"Mwenye sumu anajuaka dawa yake," alisema mama mmoja wa barabara ya pili, taratibu tu, akimweka sawa mtoto wake mgongoni.

Mathilde alitazama kikombe, akawatazama.

"Basi nifanye nini?" aliuliza. "Muniambie mambo ya kufanya, nitaifanya."

Hakukuwa na kitu chochote chini ya jua ambacho angeweza kukifanya kikahesabiwa upande wake, na nadhani wengine pale walilitambua hilo, kwa maana walianza kuangalia miguu yao. Ndipo Adija akasema. Alisema kwamba tumbo la Fadhila lilianza kabla ya uji. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameshakwenda chooni mara nyingi.

"Asubuhi ya siku gani?" Hamissi aliuliza.

"Ile ya uji."

"Ao ile ya mazishi?"

Adija alifungua mdomo. Siku za mfungo zinafanana, na msiba ulikuwa umezivuruga. Aliona wazi kanga aliyofungwa mtoto, akamwona anatoka mbio, lakini alipojaribu kuiweka picha hiyo mahali pake, haikukaa. Iliteleza kuelekea upande ambao watu wote walikuwa wanaivuta. Na chini kabisa, mahali ambapo hakutaka kuangalia, palikuwa na bidoni la maji na sauti yake mwenyewe ikisema wanayachemsha.

"Sijue," alisema.

"Pole, shemeji. Umechoka," Hamissi alisema, na aliisema kwa huruma ya kweli.

Mathilde alimtazama Adija kwa muda. Hakumlaumu. Aliinama, akaendelea kuokota ndagala zake mchangani, akipuliza mchanga kwa kila mmoja.

Sulemani hakumpeleka mtoto kwenye serum. Mzee wa Buyenzi alikuwa ametuma neno: sumu ikikutana na serum hujifunga moyoni na haitoki tena, aliyewekewa serum hafiki jioni. Hilo lilisemwa bila "nafikiri" yoyote. Adija alilia, akasema mtoto ameomba maji, mtoto ana nafuu, Dévote amekataza. Sulemani alisema nafuu ya sumu huwa hivyo, inampumzisha mtu kabla ya kumaliza. Alikuwa na mtoto mmoja, na mbele yake zilikuwa njia mbili, moja ya muuguzi asiye na hakika na asiye na dawa, nyingine ya mzee mwenye vyote viwili. Tusijifanye kwamba sisi tungechagua tofauti.

Nyumba ya mzee ilikuwa safi, imefagiliwa, imemwagiwa maji vumbi lisipande. Watu walisubiri kwenye mikeka na kila mmoja alipewa nafasi, hata mwenye mtoto anayenuka. Adija aliliona hilo na moyo wake ukalainika, akachukia kulainika kwake. Mzee alimwita Fadhila kwa jina. Alimgusa paji, akamuuliza Sulemani habari za baba yake marehemu, ambaye walikuwa wanafahamiana. Halafu akaleta bakuli la dawa ya majani yaliyopondwa, rangi ya kijani iliyokolea.

Fadhila alikaza midomo. Alisema kwa kupitia lile pengo la meno kwamba inanuka, na kwamba anataka ile ya kijiko. Baba yake alimshika kichwa kwa mkono mmoja, taya kwa mkono wa pili, kwa nguvu ile ya kulegeza boliti lakini polepole asimuumize, akimwambia kunywa mwanangu, itoke yote. Alikunywa. Alitapika mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaendelea kutapika wakati hamna tena cha kutapika. Mzee alichokoa matapishi kwa kijiti akainua kitu cheusi.

"Munaona?"

Sulemani aliona. Waliokuwa mikekani waliona, wakamshukuru Mungu. Adija aliona kipande cha jani kilichotoka kwenye bakuli lile lile, akakitazama bakulini, akakitazama kijitini, na hakusema neno, kwa sababu uso wa mumewe kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze ulikuwa na furaha.

Walimrudisha kwa teksi ya baiskeli, mama amepakata, baba anakimbia kando. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Walipofika karibu na soko Adija alihisi miguu inapoa. Akamwambia mwenye baiskeli apindie dispensari, naye akapinda, akinyonga kwa nguvu zake zote. Dévote aliwaona wakiwa bado barabarani. Alitoka na chupa ya serum mkononi, akatafuta mshipa kwenye mkono mmoja, akatafuta kwenye wa pili, akatafuta mguuni, na mishipa ilikuwa imelala yote. Fadhila alikufa sindano ikiwa imetolewa kwenye karatasi yake na haijapata pa kuingia.

Mzee wa Buyenzi alipopelekewa habari alisikitika. Alisema sumu yenyewe ilikuwa imetoka, wameiona, lakini lile tone la maji ya chumvi walilompa usiku kucha lilikuwa limeshafunga iliyobaki. Ilieleweka mara moja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Mathilde alisikia kilio akiwa chumbani. Vijana wa barabara walikuja kabla ya mazishi, si wengi, na hawakumpiga sana. Walimtoa nje na godoro lake, wakamwambia arudi kwao Zaire, wakati Zaire ilikuwa inaungua. Médiatrice, ambaye vidonge vilikuwa vimemwinua tayari, alisimama mlangoni pake akishikilia fremu, na alitaka kusema kitu, lakini na yeye alikuwa mpangaji. Ndagala zilizoanikwa zilimwagwa mtaroni. Baadaye ilisikika kwamba Mathilde yuko Gatumba, analala nyuma ya kanisa, na kwamba habari zake zilimtangulia kufika, kwa hiyo hakuna anayenunua samaki kwake wala kupokea maji mkononi mwake.

Baada ya hitima watu walipungua. Sulemani hakuwa anakula. Alikuwa anakaa uani mchana kutwa, karibu na mlango wa Mzee Uthmani, na gerejini hakwenda. Adija alimwekea wali, ukapoa, akauondoa, akaweka mwingine.

Alikuwa akikunja nguo za mtoto ili zitolewe sadaka, siku hiyo, alipokumbuka. Hakuwa ameitafuta kumbukumbu hiyo. Ilimjia yenyewe, nzima, pamoja na sauti. Asubuhi Fadhila alikuwa akipita mbio kwenda chooni kwa mara nyingine, na Mzee Uthmani, ameketi nje na sindano mdomoni, alimwita "mulinzi wa choo" na kumuuliza kama serikali inamlipa. Mtoto akacheka hadi akakaribia kujichafua. Mzee aliyekufa usiku wa uji ndiye aliyesema maneno hayo. Basi tumbo lilianza Mzee akiwa hai, kabla ya sufuria kuvuka ua. Picha ile haikuwa na mahali pengine pa kukaa. Hakuna mtu angeweza kumuuliza tena ni asubuhi ya siku gani.

Aliinuka na gauni bado mkononi, akaenda kumwambia mumewe. Alimwambia yote, na safari hii hakuliacha nyuma hata bidoni la maji, wala uongo aliomwambia Dévote. Akasema mi niko na kosa, na Mathilde hana.

Sulemani alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza injini, ameinamisha kichwa. Alikuwa fundi, na hesabu ilipowekwa mbele yake sawasawa hakuweza kukataa kuisoma. Adija aliona anaifuata: maji, tumbo, kijiko, nafuu ya alfajiri. Aliona pia mahali alipofika, na akatamani asingesema.

"Alikuwa anapona," Sulemani alisema.

Adija alilikunja lile gauni mkononi.

"Asubuhi ile alikuwa anapona. Aliulizia paka." Akaitazama mikono yake, akaigeuza. "Hakutaka kukunywa. Mi nilimushika. Mama Fadhila, kama haiko sumu, basi..." Hakumaliza. Pumzi ilimkatika, akajaribu tena na ikakatika palepale. Alimshika mkewe kifundo cha mkono, kwa nguvu iliyouma. "Niambie. We ni mama yake, we unajua. Ilikuwa sumu?"

Nje ya geti watu walikuwa wanapita na mambo yao. Adija alimfikiria Mathilde nyuma ya kanisa Gatumba. Alimfikiria vizuri, uso wake, namna alivyopuliza mchanga. Alijua kwamba akisema neno moja, Hamissi ataambiwa, na kwamba Hamissi, kwa moyo wake ule mwema, angeweza kwenda mwenyewe kumrudisha. Kisha akamtazama mwanaume aliyekuwa mbele yake, ambaye hakuwa anaweza kuvuta pumzi.

"Ilikuwa sumu," alisema.

"Una hakika?"

"Niko na hakika. Ile kuhara ya asubuhi ilikuwa ya kula embe tu. Mi nimechoka, nachanganya mambo."

Mkono uliomshika ukalegea. Sulemani akaegemeza kichwa ukutani, akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akimlaani Mathilde na ukoo wake wote hadi majirani wakaja kumshika. Adija akawapisha. Akaenda kupasha wali, na aliporudi nao, mumewe akala.